Mfuko, Kifungashio au Kibebeo?

Tunaanza makala hii kwa kukiri kosa letu wenyewe. Kikundi cha akina mama wanaosaga karanga hapa Uganda kilituomba tukitafsirie hati ya mzigo uliokuwa ukipelekwa Bukoba kupitia mpaka wa Mutukula. Katika Kiganda walikuwa wameandika buveera, nasi bila kufikiri sana tukaandika "karanga zilizosagwa katika mifuko ya plastiki". Mzigo ukazuiliwa siku mbili. Maafisa hawakukosea. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na hati yetu ilisema mifuko.

Ulipofunguliwa, zilionekana pakiti za nusu kilo zilizozibwa kwa moto. Hizo si mifuko kwa maana ya kanuni za mwaka 2019. Kanuni zilikataza mifuko ya kubebea bidhaa, yaani ile tunayopewa dukani, lakini ziliruhusu plastiki ya kufungia bidhaa za viwandani, vyakula vilivyosindikwa, dawa na pembejeo za kilimo. Hivyo ndivyo vifungashio. Neno linatokana na kufungasha: kitenzi kikitiwa kiambishi cha kutendea tunapata fungashia, kisha ki- mwanzoni na -o mwishoni. Kwa njia hiyo hiyo, kubebea kumezaa kibebeo.

Msidhani huu ni mchezo wa wanaisimu. Baada ya marufuku, wachuuzi sokoni walianza kuwafungia wateja nyanya na dagaa katika vile vifuko laini vyepesi, wakidai kwamba ni vifungashio. Mwaka 2021 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, likalazimika kukataza vifungashio visitumike kama vibebeo. Tofauti ya maneno mawili ndiyo iliyoamua nani anavunja sheria.

Sisi Uganda tatizo letu ni kinyume chake. Kaveera ni yote: ya kubebea, ya kufungia, hata ile ambayo wapishi wengine hufunikia matoke badala ya majani ya mgomba, jambo ambalo sisi hatulipendi hata kidogo. Sheria yetu inapima unene, ikikataza plastiki iliyo chini ya mikroni 30, na mnunuzi gani wa sokoni anaweza kupima mikroni kwa vidole? Labda ndiyo maana kaveera bado imejaa mitaroni, ingawa katazo la kwanza lilitangazwa mwaka 2007. Kenya ilichukua njia kali zaidi tarehe 28 Agosti 2017, na Rwanda iliitangulia Kenya kwa sheria ya mwaka 2008.

Tuliporudi kwa akina mama kuomba radhi, baadhi ya wanafunzi wetu waliwashauri waachane na plastiki kabisa, watumie karatasi. Mama mmoja akatuuliza kama tumewahi kuweka karanga katika karatasi msimu wa mvua. Karanga zikipata unyevu huota ukungu, na ukungu huo huweza kuleta sumukuvu, ambayo hudhuru ini. Kifungashio kinachopunguza taka lakini kinaharibu chakula hakijamsaidia mtu. Muuzaji mwingine aliwaletea pakiti alizoziita "zinazooza". Hapo tena tulilazimika kuuliza maana ya kitenzi. Kuoza ni kuliwa na vijidudu mpaka kitu kirudi udongoni. Kuna plastiki zilizotiwa kemikali ambazo hukatikakatika tu zikawa vipande vidogo vidogo. Umoja wa Ulaya uliamua kuzikataza katika agizo lake la mwaka 2019. Hizo zinasagika, haziozi, na mwalimu anayefundisha msamiati wa biashara asikubali lebo ichanganye mambo hayo mawili.

Akina mama waliamua wenyewe. Sehemu kubwa ya mzigo sasa huenda kwa wenye maduka katika ndoo za lita 20 zenye mifuniko ya kukaza, na ndoo tupu hurudi kwa lori lile lile. Darasani tulijadili kwa saa nzima jina la chombo cha aina hiyo. Wengine walipendekeza "kifungashio rejeshi", wengine "kirudishwa". Tuliwapelekea mapendekezo yote mawili, wakacheka. Hati mpya imeandikwa "ndoo".