Kuacha IST na kununua gari la kasi: Hesabu kabla ya hamu

Katika maegesho ya maduka ya Tegeta, Mwananyamala, Tandika na Mbagala, Toyota IST limekuwa gari la mfanyabiashara mdogo kwa miaka mingi sasa. Ni gari fupi, lina mlango mkubwa nyuma, viti vyake hulala na kuacha nafasi ya marobota, na hakuna fundi wa Dar es Salaam asiyelifahamu. Hata hivyo, biashara inapokwenda vizuri, wapo wenye maduka wanaoanza kutazama magari ya umbo hilo hilo lakini yenye nguvu zaidi: Volkswagen Golf GTI, Subaru Impreza yenye turbo, Suzuki Swift Sport au Toyota RunX ya daraja la Z.

Swali linalowakabili si la uzuri wa gari. Ni swali la mtaji. Fedha inayoongezwa ili kutoka kwenye IST na kuingia kwenye gari la kasi hutoka mfuko ule ule unaonunua mzigo Kariakoo. Mwenye kuamua bila kupiga hesabu anaweza kujikuta ana gari linalopendeza barazani huku rafu za duka zikipungua bidhaa.

Kodi huongeza pengo mara mbili

Tangu mwaka 1984 Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, biashara ya magari yaliyotumika imekua hadi kufikia hali ya leo, ambapo mwenye duka anaweza kuagiza gari Japani akiwa amekaa nyumbani kwake Bunju. Lakini bei anayoiona kwenye tangazo la muuzaji wa Yokohama au Nagoya ni sehemu tu ya gharama.

Gari dogo likifika bandarini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 1,000 lakini isiyozidi cc 2,000 ni asilimia 5. Gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8 hadi 10 huongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa sababu ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Juu ya hayo ipo Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, pamoja na tozo nyingine za forodha na ada ya usajili. Kwa kuwa kodi hizi hupandana, moja juu ya nyingine, jumla yake kwa gari lililozidi miaka 10 hukaribia au hata kufikia thamani ya gari lenyewe. Thamani hiyo nayo hukadiriwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kwa mfumo wake, wala haitegemei risiti ya mnunuzi peke yake.

Hapo ndipo wengi hukosea. IST yenye injini ya cc 1,496 na Golf GTI yenye injini ya cc 1,984 ziko katika kundi moja la ushuru wa bidhaa, hivyo mnunuzi hudhani kodi zake zitalingana. Viwango ni sawa, lakini fedha si sawa. Kila dola inayoongezwa Japani kwa ajili ya nguvu ya injini huwa karibu dola mbili gari linapotoka bandarini. Pengo la dola 3,000 kwenye tangazo laweza kuwa pengo la dola 6,000 barabarani.

Kubadilika kwa thamani ya shilingi nako ni jambo la kuangaliwa. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilikuwa ikinunuliwa kwa zaidi kidogo ya Sh. 2,300, katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita Sh. 2,600, kabla ya shilingi kupata nguvu tena mwishoni mwa mwaka huo. Kwa gari la dola 5,000, tofauti ya Sh. 300 kwa dola ni Sh. 1,500,000 kabla ya kodi. Gari ghali zaidi humweka mnunuzi katika hatari kubwa zaidi ya aina hiyo.

Soko la kuuza lina maneno yake

Mfanyabiashara hujua kwamba bidhaa nzuri ni ile inayotoka. Kwa kipimo hicho IST ni kama sukari au unga: mteja wake yupo kila siku. Hali hiyo iliimarishwa na huduma za teksi za mtandao, ambazo Uber ilizianzisha Dar es Salaam mwaka 2016 na nyingine zikafuata. Hata Uber iliposimamisha huduma zake Aprili 2022 kutokana na mvutano wa viwango vya kamisheni, na kurejea Januari 2023, madereva walikuwa na kampuni nyingine za kufanyia kazi na magari madogo ya Kijapani yaliendelea kutafutwa.

Gari la kasi lina wateja wachache. Wengi wao ni vijana wenye mapenzi ya magari, na kila mmoja ana masharti yake: rangi, gia za mkono au za kujiendesha, namba ya usajili ya herufi D au E, na iwapo injini imeguswa. Dalali anaweza kumpata mnunuzi, lakini si lazima ampate wiki hii. Kwa mtu ambaye gari lake ndilo akiba yake ya dharura, tofauti ya kuuza kwa siku tatu na kuuza kwa miezi mitatu ni kubwa. Aidha, wakopeshaji wanaochukua kadi ya gari kama dhamana nao hujiuliza jambo hilo hilo: likinibakia mikononi, nitamuuzia nani?

Ikumbukwe pia kwamba soko la Dar es Salaam halirudishi kodi iliyolipwa kwa ajili ya nguvu ya injini kwa urahisi linavyorudisha thamani ya gari linalotafutwa na kila mtu.

Mfano wa mwaka mmoja

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tegeta anayekwenda Kariakoo na kurudi, takriban kilomita 50 kwa siku, siku 24 kwa mwezi. Tuseme IST yake inauzika kwa Sh. 11,000,000 na gari la kasi analolitaka linasimama kwenye Sh. 26,000,000. Anatakiwa kuongeza Sh. 15,000,000.

Kwanza, fedha hiyo ingeweza kufanya kazi nyingine. Hatifungani ya Serikali ya miaka 25 ilipangiwa mwaka 2022 riba ya asilimia 12.56 kwa mwaka. Kwa kiwango hicho Sh. 15,000,000 huzaa Sh. 1,884,000 kila mwaka bila mwenye fedha kufungua duka asubuhi. Mfanyabiashara ambaye mtaji wake unazunguka mara kadhaa kwa mwaka huenda anapoteza zaidi ya hapo.

Pili, mafuta. Kilomita 1,200 kwa mwezi, katika foleni za Barabara ya Bagamoyo, zikikadiriwa kilomita 12 kwa lita kwa IST na kilomita 8 kwa lita kwa gari la turbo, ni lita 100 dhidi ya lita 150. Bei kikomo zinazotangazwa na EWURA hupanda na kushuka. Mwezi Agosti 2022 petroli Dar es Salaam ilifika Sh. 3,410 kwa lita, na Januari 2025 ilikuwa chini ya Sh. 2,800. Kwa wastani wa Sh. 3,000 tu, lita 50 za ziada ni Sh. 150,000 kwa mwezi, yaani Sh. 1,800,000 kwa mwaka.

Tatu, bima. Bima kubwa kwa kiwango cha asilimia 3.5 pamoja na VAT ni Sh. 454,300 kwa gari la Sh. 11,000,000, na Sh. 1,073,800 kwa gari la Sh. 26,000,000. Tofauti ni Sh. 619,500. Aliyezoea kukata bima ndogo ya Sh. 118,000 atauona mruko mkubwa zaidi, kwani si busara kuendesha gari la thamani hiyo bila bima kubwa.

Nne, matengenezo. Tukitenga Sh. 100,000 tu za ziada kila mwezi kwa matairi, oili na vipuri, ni Sh. 1,200,000.

Jumla ya hayo manne ni Sh. 5,503,500 kwa mwaka, au kama Sh. 15,000 kila siku inayokwenda kwa Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Kushuka kwa thamani ya gari bado hakujahesabiwa. Mwenye duka ajiulize kama faida yake ya siku, baada ya kodi ya pango na mishahara, inaweza kutoa Sh. 15,000 bila kugusa mtaji.

Barabara haziuzi kasi

Anayenunua nguvu za farasi 200 angalau apate mahali pa kuzitumia. Ndani ya maeneo ya makazi mwendo unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, na askari wenye tochi hawana upendeleo. Faini ya papo kwa papo ni Sh. 30,000 kwa kosa. Barabara ya Kilwa kutoka Mbagala, au ile ya Bagamoyo kutoka Bunju, nyakati za asubuhi hazitofautishi gari la turbo na daladala.

Ukitoka barabara kuu na kuingia mitaani, mambo huwa magumu zaidi. Matuta, mashimo ya masika na njia za mchanga za Yombo au Goba haziyapendi magari ya chini yenye rimu kubwa na matairi ya ubavu mwembamba. Tairi moja likipasuka shimoni, mara nyingi rimu nayo hupinda.

Vipuri navyo vina hesabu yake. Shokapu, bushi na plagi za IST hupatikana Gerezani na Kariakoo, vya asili na vya bei nafuu, siku hiyo hiyo. Turbo ya Subaru au kifaa cha gia za Golf huweza kuhitaji kuagizwa, na fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari hilo hayupo kila gereji. Injini nyingi za turbo za Kijapani zilitengenezwa pia kwa petroli ya oktani ya juu, hivyo mnunuzi aulize mapema atajaza wapi.

Njia ya katikati ipo

Si lazima mtu achague kati ya kukaa palepale na kuruka mbali. Toyota Vitz RS ya kizazi cha kwanza na cha pili ina injini ya cc 1,496 ya aina ya 1NZ, ndiyo ile iliyomo kwenye IST ya cc 1,500. Ukaaji wake barabarani ni wa kimichezo zaidi, lakini filta, plagi na vipuri vingi vya injini hununuliwa kaunta ile ile. IST ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2007, nayo ina toleo la cc 1,800.

RunX inahitaji uangalifu. Toleo la kawaida la cc 1,500, lenye namba ya chasisi inayoanza na NZE121, lina injini ya 1NZ. Toleo la Z, lenye ZZE123, lina injini ya 2ZZ ya nguvu za farasi 190. Kwa nje yanafanana. Kwa vipuri na matumizi ni magari mawili tofauti. Mnunuzi asome kadi na kibati cha chasisi, asidanganywe na bawa la nyuma.

Anayeagiza Japani adai karatasi ya mnada, na alama ya R au RA imkumbushe kwamba gari liliwahi kugongwa na kutengenezwa. Magari ya kasi huendeshwa kwa kasi, na mengi hubadilishwa turbo, ekzosi na kompyuta kabla ya kuuzwa. Anayenunua yadi alitie gari moto likiwa limepoa, aangalie moshi, kisha ampeleke fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji.

Nani anunue?

Wapo ambao hesabu inawakubali. Mtu anayesafiri kila wiki kwenda Morogoro au Dodoma hunufaika na injini yenye uwezo wa kupita lori kwa usalama, na breki zinazolingana na nguvu hiyo. Wapo pia ambao wamekwisha kuweka akiba, duka limejaa, ada za watoto zimelipwa, nao wanataka kufurahia jasho lao. Hao hawana deni kwa mtu.

Kwa wengine kanuni ni nyepesi. Gari la kasi linunuliwe kwa faida iliyokwisha kupatikana, si kwa mtaji wala kwa mkopo wa biashara. Kabla ya kuuza IST, mwenye kutamani aweke kando Sh. 15,000 kila siku kwa miezi sita mfululizo, kama vile gari jipya lipo tayari uani. Akimaliza bila kukopa mzigo Kariakoo, atakuwa na zaidi ya Sh. 2,700,000 mkononi na jibu la uhakika. Akishindwa mwezi wa pili, atakuwa ameokoa Sh. 15,000,000, na IST yake bado itawaka asubuhi.