Neno la Kiingereza «daylight» lina maana gani?

Neno hili huonekana mara nyingi katika matangazo ya Kiingereza ya mashirika ya misaada. Safari, ugawaji wa chakula na kazi za jumuiya huandikwa kuwa zifanyike wakati wa «daylight». Tukilifahamu vibaya, familia yaweza kukosa posho yake, au kukutwa na giza njiani.

«Daylight» ni mwanga wa mchana, ule unaotuwezesha kuona bila taa. Si sawa na «sunlight», yaani mwanga wa jua lenyewe. Siku ya mawingu au mvua jua halionekani, lakini «daylight» ipo. Kwa hiyo anayetafsiri asiseme «jua likiwaka». Mvua ikinyesha, watu watangoja jua nyumbani, na ugawaji utapita bila wao. Aseme «mchana, kabla ya giza».

Mwanga huo huanza alfajiri, kabla jua halijachomoza, na hubaki kidogo likisha kuzama. Kwetu karibu na ikweta giza huingia upesi. Huko Goma na Bukavu jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na baada ya dakika 20 hivi ni vigumu kuona njia. Mama anayekwenda kutafuta kuni ahesabu pia muda wa kurudi.

Tuangalie na saa. Waingereza, kama Wafaransa, huanza kuhesabu usiku wa manane. Sisi huanza asubuhi. Tangazo likiandika 8:00, ni saa mbili asubuhi, wala si saa nane. Likiandika 14:00, hiyo ndiyo saa nane mchana.

Kuna pia msemo «in broad daylight». Maana yake ni mchana kweupe, hadharani, bila kificho. Shahidi akisema ng'ombe waliibwa mchana kweupe, huenda anataka kusema kwamba wezi hawakuogopa kuonekana. Wapatanishi wamwulize: ilikuwa saa ngapi, na nani walikuwapo? Majibu hayo yanaweza kuzuia mtu asiye na kosa asishitakiwe.

Viongozi wa kambi, mkipokea tangazo lenye neno hili, ulizeni saa kamili ya kuanza na ya kumaliza. Kisha itangazeni kwa Kiswahili, pamoja na asubuhi, mchana au jioni, ili kila mtu asikie jambo moja.