Waya wa alternateri haufungwi na skoche tu

Kamiyo ya zamani inayotubeba usiku kati ya Likasi na Kolwezi, taa zikianza kufifia, mbio tunasema: bateri imekufa. Mara mingi bateri haina kosa. Inaweza kuwa kosse ya waya mkubwa nyuma ya alternateri: imelegea, inapata moto, inaunguza plastiki. Taa zinaweza kuzimika njiani, ao kamiyo kuwaka watu wakiwa juu.

Mbele ya kugusa, tunazimisha motere na kutoa kwanza waya wa masi kwa bateri, sababu ule waya mkubwa uko na umeme hata motere imelala. Tunakata yote iliyoungua mpaka shaba safi. Kosse mpya iwe kipimo cha waya, ikamatwe na pense yake, si nyundo. Tunakaza ekru, tunafunga waya mbali na bomba ya moshi, tunarudisha masi. Motere ikitembea, bateri za volti 24 zionyeshe karibu 28.

Kosse ni bei kidogo. Maisha ya watu haiko na bei. Wadelege waandike kosa katika kaye ya kamiyo, na shofere asilazimishwe kuondoka mbele haijatengenezwa.