Kufuli la tarakimu 129 na namba sita za khalati

Mwezi uliopita khalati alinipigia simu analia. Kijana mmoja alimpigia akajidai ni mtu wa benki, akamwambia akaunti yake itafungwa asipomtajia namba sita zilizoingia kwenye simu yake. Akamtajia. Haukupita muda, pesa alizokuwa akidunduliza kumwezekea bi mkubwa nyumba yake Unguja zikawa hazipo.

"Hizi benki za simu hazina maana, mwanangu," akasema. "Wezi wanavunja tu."

Ijumaa tukaenda kwake Seeb, mimi na binti yangu wa darasa la nane. Nilitaka khalati ajue kuwa hakuna kilichovunjwa.

Nilimpa binti 89 na 97 azizidishe. Mara moja akajibu: 8,633. Kisha akanigeuzia kibao: "Haya baba, 8,051 imetoka wapi?" Nikaanza kugawa kwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe: 2, 3, 5, 7, 11... Ishirini na mbili zikakataa. Ya 23, ambayo ni 83, ndiyo ikakubali: 83 mara 97. Kahawa ilikuwa imeshapoa.

Siri yote ni hiyo. Kuzidisha ni kazi nyepesi, kurudi nyuma ni mtihani. Tena ajabu ni kwamba kompyuta inaweza kuthibitisha upesi kuwa namba kubwa mno si tasa, na bado isijue imezidishwa kwa namba zipi.

Mwaka 1977 wataalamu watatu wa chuo cha MIT, Marekani, Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waligeuza ugumu huo kuwa kufuli. Namba kubwa unaitangaza kwa kila mtu, na yeyote anaweza kuitumia kukufungia ujumbe. Kuufungua ni mpaka ujue zile tasa mbili zilizoizaa. Mwaka huohuo jarida la Scientific American likachapisha namba yao ya tarakimu 129 pamoja na ujumbe wa siri. Zawadi ya atakayeweza kuufungua: dola 100. Makadirio yalikuwa kwamba kazi hiyo ingekula mabilioni ya miaka.

Ilikula miaka 17. Mwaka 1994 watu wapatao 600 wa nchi mbalimbali waliunganisha kompyuta zao kwa intaneti, wakagawana hesabu kwa miezi kadhaa, mpaka zikapatikana tasa mbili, moja ya tarakimu 64, nyingine 65. Ujumbe wenyewe, kumbe maneno ya mzaha tu kuhusu ndege aina ya tai.

Je, kufuli likafa? La. Likaongezwa ukubwa. Mwaka 2020 ilivunjwa namba ya tarakimu 250, kwa kompyuta nyingi zenye nguvu. Lakini ukubwa unaotumika sana siku hizi ni wa tarakimu 617, na mpaka leo hakuna aliyetangaza kuivunja namba ya ukubwa huo iliyotengenezwa sawasawa. Njia hii ni mojawapo ya zinazolinda mawasiliano yetu na benki tunapotuma pesa nyumbani.

Khalati alisikiliza, kisha akauliza: "Sasa kama hawawezi kuvunja, zangu zimekwendaje?"

Nikakosa pa kuanzia. Binti ndiye aliyemjibu, kwa adabu: "Bibi, mlango haukuvunjwa. Umeombwa ufunguo, ukautoa."

Khalati akanyamaza. Halafu akacheka, machozi yakimlenga.

Pesa hazijarudi. Benki imepokea malalamiko, na sisi watoto tumechangishana bati za bi mkubwa. Lakini khalati ameandika karatasi kwa mkono wake, ameibandika jikoni karibu na simu: "Namba sita haambiwi mtu. Hata wa benki." Juzi kijana mwingine akampigia. Akamjibu, "Kama unazitaka, zitafute kwa hesabu," akakata.