Nani Mwenye Mikoko ya Mtangawanda?

Abiria anayetoka mji wa Amu (Lamu) kwenda miji ya Pate au Siyu hushukia Mtangawanda, kijiji cha kisiwa cha Pate, na kabla hajafika gatini mashua huwa imempitisha katikati ya mikoko. Kaunti ya Lamu ina takriban asilimia 60 ya mikoko yote ya Kenya. Kwa karne nyingi boriti zake zilitumika kuezekea nyumba za mji na kupakiwa majahazini kwenda Arabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982.

Miaka ya karibuni shida zimeiandama Lamu moja juu ya nyingine. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na hoteli zikakosa watalii. Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani. Ikafuata amri ya kutotoka nje usiku, na mvuvi wa usiku akabaki nyumbani. Kisha Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma nchini, mikoko ikiwamo. Familia za Mtangawanda zilizokula kwa shoka zikafungiwa riziki.

Hapo ndipo wanawake wa kijiji hicho, wakiongozwa na Zulfa Hassan, ambaye watu humwita Mama Mikoko, walipojiunga kupanda upya palipokatwa. Walipata pia mikopo midogo ya kuanzisha biashara, kwa kuwa anayelala njaa hawezi kuambiwa auache msitu.

Kazi yenyewe inahitaji ujuzi kuliko inavyoonekana kwa mbali. Mikoko si ya aina moja. Mbegu ya mkoko wenyewe huchipua ingali mtini, ikarefuka na kuning'inia. Ikiiva, shingo yake hugeuka manjano. Ikichumwa kabla ya hapo, huenda isishike. Huchomekwa topeni theluthi moja hivi ya urefu wake, maji yakiwa yamekupwa. Mchu, aina nyingine, una mbegu ndogo inayoelea, na hufaa kuoteshwa kwanza kitaluni. Mlilana hukaa mbele, unakopigwa na mawimbi. Mkandaa hukaa nyuma, ambako maji hufika zaidi wakati wa bamvua. Anayepanda mkoko mahali pa mlilana atauona ukichukuliwa na bahari. Ufilipino walitumia mamilioni ya dola kupanda mikoko mahali pasipoifaa, na sehemu kubwa ikafa.

Wanawake wa Pate hawakuanza somo hili kwenye semina. Maji yakitoka, wao ndio wanaoshuka pwani kutafuta pweza na kaa. Wanajua tope lipi humeza mguu hadi gotini na lipi lina mchanga chini, maji yanatuama wapi, mfereji gani umeziba. Na mfereji ni jambo kubwa: pengine kuuzibua tu kunatosha, kwani maji yakirudi, bahari yenyewe huleta mbegu. Mtaalamu anayefika na ramani bila kuwauliza kwanza anapoteza miche na miaka.

Ila kinachonishughulisha zaidi ni mamlaka. Mara nyingi miradi huwaita wanawake kama vibarua: pandeni, mlipwe kwa siku, mwende zenu. Hata kwenye fidia ni rahisi wakaachwa nje. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara inayoletwa na ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Niliifurahia hukumu hiyo. Lakini fidia yoyote huanza na orodha, na orodha za uvuvi zimezoea kuhesabu vyombo, nyavu na leseni. Mwanamke anayeshuka kwa miguu na mkonjo wake wa pweza ni rahisi kusahauliwa.

Sasa kuna biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na msitu. Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, umekuwa ukiuza kaboni, na fedha zake zimeleta maji na kusaidia shule. Eneo la mradi huo ni hekta 117 tu. Lamu ina makumi ya maelfu ya hekta za mikoko. Wanunuzi hawatakosa kuiona njia ya kuja. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu chama cha jamii kutiliana mkataba na Shirika la Misitu kuhusu usimamizi wa msitu wa serikali. Wanawake wa Mtangawanda wanastahili kutajwa ndani ya mkataba wa namna hiyo, na kuwa miongoni mwa wanaotia saini kwenye akaunti ya benki, kabla tani ya kwanza haijauzwa.