Mataji Matano ya Ridhaa

Mwanzoni mwa mwaka 2017 Juventus haikuwa na timu ya wanawake. Mwezi Mei 2018 timu hiyo ilikuwa bingwa wa Italia. Katika soka la wanawake la nchi ile, huyo ndiye mtoto aliyekimbia kabla ya kutambaa.

Tuseme ukweli, hakuzaliwa mikono mitupu. Kibibi Kizee cha Turin, kama Juventus inavyoitwa, kilinunua leseni ya Cuneo, kisha kikaenda Brescia kuchukua vigogo: beki Sara Gama, winga Barbara Bonansea, mshambuliaji Cristiana Girelli mwaka uliofuata. Lakini Brescia iliyobaki haikuwa mboga. Msimu ulipokwisha timu hizo mbili zilikuwa na pointi sawa, ikabidi zikutane Novara, Mei 20, kwa mechi moja ya kuamua. Dakika 120 zikaisha kwa suluhu. Juventus ikashinda penalti 5-4. Wiki chache baadaye nafasi ya Brescia katika Serie A ilikwenda kwa Milan. Sijui penalti nyingine iliyokuwa mlango mwembamba kiasi hicho: upande huu unaanza utawala, upande ule kunafungwa duka.

Rekodi zikafuatana kama mabehewa. Mataji matano mfululizo, kuanzia 2018 mpaka 2022. Ndani ya hayo kuna msimu wa 2020/21, ambao kwangu ndio kilele cha yote: mechi 22, ushindi 22. Hakuna sare, hakuna kuteleza ugenini siku ya mvua. Kocha Rita Guarino alichukua taji lake la nne na kuondoka. Alimwachia Joe Montemurro kazi ngumu ya kuboresha kitu kisichokuwa na doa.

Sasa njoo kwenye jambo linalonifanya nizisome tarakimu hizi mara mbili. Wanawake wale, waliocheza mechi 22 na kushinda 22, kisheria walikuwa wachezaji wa ridhaa. Sheria namba 91 ya mwaka 1981 iliyaachia mashirikisho ya michezo kuamua nani aitwe mchezaji wa kulipwa, na shirikisho la soka kwa miongo minne liliwaita hivyo wanaume tu. Mwanamke aliyesajiliwa na klabu kubwa, anayefanya mazoezi kila siku, alihesabiwa kama fundi cherehani anayecheza jioni baada ya kufunga duka. Malipo yake yalikuwa na kikomo: euro 30,658 kwa mwaka, kabla ya kodi.

Mlango ulifunguliwa Julai 1, 2022, na soka likawa mchezo wa kwanza wa timu nchini Italia ambao wanawake wake wanatambuliwa kuwa wachezaji wa kulipwa. Angalia tarehe hiyo, kisha angalia mataji matano ya Juventus. Yote yako upande wa ridhaa. Na taji la kwanza la zama za kulipwa? Lilikwenda Roma, mwaka 2023. La pili pia Roma, 2024. Waliobomoa ukuta walikuta wenzao wameshaingia sebuleni, wamekaa. Juventus ilisubiri hadi 2025 kupata la sita, chini ya kocha Massimiliano Canzi.

Katika safari hiyo Gama ana nafasi ya pekee. Alizaliwa Trieste, mama Mwitaliano, baba Mkongo, akawa nahodha wa Juventus na wa timu ya taifa, na sauti ya wachezaji wenzake katika chama chao walipodai haki za wafanyakazi. Mwaka 2018 alitengenezewa mwanasesere wa Barbie kwa sura yake. Wapo waliocheka. Lakini mtoto wa kike mwenye nywele za kipilipili kule Italia hakuwa na wanasesere wengi wanaofanana naye waliovaa viatu vya mpira.

Kwa mahudhurio, kisa kizuri ni cha watu 427. Machi 24, 2019, Juventus iliruhusiwa kwa mara ya kwanza kucheza uwanja mkubwa wa wanaume, ikapangwa na Fiorentina. Kiingilio kilikuwa bure, wakaja watu 39,027, na Mdenmark Sofie Junge Pedersen akafunga bao pekee. Rekodi hiyo ya mahudhurio ilidumu miaka minne kasoro siku tatu. Machi 21, 2023, Roma ilipoikaribisha Barcelona kwenye uwanja wa Olimpico katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, walihesabiwa 39,454. Roma ililala 1-0, lakini rekodi ikahama mji kwa tofauti ya hao 427, isiyojaza hata jukwaa moja. Mechi za kawaida za Juventus miaka ile zilichezwa Vinovo, kiwanja cha mazoezi, ambako wachezaji wangeweza kuwatambua mashabiki wao kwa sura.

Kwa ufungaji, rekodi ninayoipenda wala si ya Juventus. Tabitha Chawinga, Mmalawi, jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa, alikwenda Inter kwa mkopo msimu wa 2022/23, ule ule wa kwanza wa kulipwa, akafunga mabao 23 na kuwa Mwafrika wa kwanza kuibuka mfungaji bora wa ligi ya Italia. Msimu mmoja tu, kisha akahamia Paris. Girelli yeye alibaki Juventus: alipofikisha miaka 35, mwaka 2025, alikuwa kinara wa mabao tena.

Imebaki moja. Klabu yenye mataji mengi kuliko zote si Juventus, si Roma, si Milan. Ni Torres ya Sassari, katika kisiwa cha Sardinia, yenye mataji saba, la mwisho la mwaka 2013. Hakuna timu tajiri ya wanaume nyuma yake. Juventus, mpaka msimu wa 2024/25, ina sita.