Mtoto Akipotea, Nduru Pekee Haitoshi

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nabii Yaakub alipoletewa kanzu ya Yusuf yenye damu ya uongo, wafasiri wasema alistaajabu: mbwa-mwitu gani huyu amlaye mtoto asirarue nguo? Kanzu ile nzima ndiyo iliyowaumbua nduguze.

Huko Meru na Embu, penye mashamba ya majani chai na miraa, mtoto akikosekana jioni hupigwa nduru. Vijana kwa wazee hutoka na tochi, wakapekua hadi kingo za mto Thuci. Huo ndio ujirani. Lakini umati huo huo waweza kufuta nyayo, au kumpiga mshukiwa kabla hajasema alikomficha mtoto. Kesi ikafia hapo.

Sheria ya Kenya ina meno. Mwizi wa mtoto wa chini ya miaka 14 aweza kufungwa hadi miaka 7. Sheria ya 2010 dhidi ya biashara ya binadamu yataja kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Lakini hakimu huhukumu kwa ushahidi, si kwa machozi.

Basi jamaa, tupigapo yowe, mmoja wetu na akimbilie polisi saa ile ile. Na kanzu itakayookotwa, isiguswe.